RAM kubwa kuliko ya Mwanaidi

Faraji, mume wangu mdogo,

Marahaba, mjukuu wangu. Huku Bagamoyo hatujambo. Mguu wa babu yako umepata nafuu, na mama yako amemaliza kuezeka kule Mapinga.

Umeniuliza uongeze RAM ya GB ngapi ili kompyuta yako iende kasi, maana ya rafiki yako ina kumi na sita. Nikacheka, nikajiona mwenyewe.

Enzi hizo nilikuwa nachapa kadi za harusi, na wifi yangu Mwanaidi, dada wa babu yako, anachapa mtaa wa pili. Kompyuta yake ilifunguka upesi. Yangu ukiiwasha, unachemsha chai na kuimaliza. Maharusi wote wakahamia kwake. Wivu ulinila! Nikaenda Kariakoo, nikamwambia muuzaji, “Nipe RAM kubwa kuliko ya Mwanaidi.” Iliyomo ndani ya mashine yangu sikuitazama hata kidogo.

Nyumbani ikakataa kuingia. Ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Mimi, niliyejua tangu utoto kwamba kanga ni doti, nimeokota kipande kisicho na mwenzake!

Aliyeniokoa ni Mwanaidi mwenyewe. Alileta mbili pacha alizokuwa amezitoa kwenye yake alipoweka kubwa zaidi, zikaingia. “Wifi, si ungeniuliza?” Nilimshukuru kwa mdomo tu.

Basi fungua kwanza, soma iliyomo, utafute mwenzake. Kwa kazi zako za chuo, jumla ya GB nane itakutosha.

Mwanaidi kanunua kompyuta mpya. Ukimpigia kumsalimu, muulize ina RAM ngapi. Usimwambie nimekutuma.

Bibi yako,
Zuhura