Maji Uliyompulizia Mama

Nyanya,

Nimefungua pazia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Siku zote ulizolala chumbani kwangu hapa Kaloleni, baada ya kiharusi kukupoozesha upande mmoja na kukunyima maneno, ulikuwa ukiinua ule mkono mmoja uliobaki na nguvu, ukauelekeza dirishani. Nami nikakimbia kufunga pazia. Nilidhani jua linakuchoma. Ukiinua tena, nalibana kwa pini. Wiki mbili baada ya kukuzika nililala kwenye kitanda kile, kichwa mahali pa kichwa chako, nikaona kwamba kutoka pale milima ya kwenu inaonekana. Sijui kama ndiyo uliyotaka kuitazama. Sitajua kamwe.

Lakini leo nataka kukuandikia habari ya maji.

Unaikumbuka asubuhi ile. Mama alikukalisha, akaanza kukunywesha kwa kijiko kama nesi alivyotufundisha. Ukakisukuma kijiko, ukashika kikombe mwenyewe, ukajaza kinywa. Ukamtazama Mama kwa muda mrefu. Kisha ukampulizia yale maji, kifuani na mikononi. Mimi nilikuwa mlangoni na beseni. Mama alijipangusa kwa leso, akakubadilishia shuka. Jioni ukatuacha.

Kwenye matanga, wanawake wakimenya viazi, Mama alimweleza Shangazi huku akilia. Nadhani alitaka kufarijiwa. Shangazi akasema, "Lakini wifi, ulitarajia nini? Miaka kumi na saba hukukubaliwa, na mwisho umetemewa." Visu havikusimama hata kidogo. Tangu siku hiyo kila mtu anajua kwamba mama yake Baba alimtemea mkaza mwanawe yule wa kutoka Mahoo, asiye mtu wa milimani, kisha akafa. Baba alipouliza kwa simu kutoka kazini Mombasa, Mama akamwambia ni kweli. Baba akasema hayo ni mambo ya wanawake, yataisha.

Hayajaisha. Mama amekuwa mtu wa kujibu "ndiyo" na "haya". Usiku anasugua mikono kwa sabuni kama aliyetoka kupara samaki. Na kesho, Jumamosi, tunapanda kwenu kujengea kaburi lako, naye amesema hatakwenda. Amefunga begi. Atarudi kwao Mahoo, atamchukua mdogo wangu, na hajasema ni kwa siku ngapi.

Tulioona ni wawili tu, Nyanya. Mama anayedhani alichukiwa, na mimi ambaye siwezi hata kuomba ruhusa ya kutoka darasani bila sauti kukatika.

Nilijaribu kuuliza shuleni kwa kuzunguka. Nilimwuliza mwalimu wa Historia, mtu akimpulizia mwenzake maji ya kinywani, amefanya nini? Darasa lote likacheka. Kamau wa dawati la nyuma akasema, "Amekosa mswaki." Mwalimu hakucheka. Alisema macho yanaona maji tu. Ukitaka kujua mtu amefanya nini, uliza yeye mwenyewe alimaanisha nini, na watu wake hulichukulia vipi jambo hilo. Nikamwuliza, na kama hawezi tena kuulizwa? Akasema, huwezi kuingia moyoni mwa mtu, lakini unaweza kuingia katika desturi zake. Tazama alichofanya siku nyingine. Akaniazima kitabu chake cha chuo, kizito, na nusu yake sikuielewa.

Basi nikatazama. Maji yakikupalia ulikuwa ukikohoa, nayo yanachuruzika upande uliopooza. Asubuhi ile hukukohoa. Na kudharau? Ulipomdharau mtu ulikuwa unageuza uso ukutani, kama ulivyomfanyia yule mchungaji aliyekupigia kelele sikioni akidhani umekuwa kiziwi. Mama ulimtazama.

Ndipo nikakumbuka kibuyu. Nilikuwa darasa la nane, nimekuja kwako likizo, nikakivunja kibuyu chako cha maziwa na kusema ni paka. Siku tatu hukunisemesha. Asubuhi ya kuondoka, nikiwa na mtihani mbele yangu, ukanisimamisha uani, ukajaza kinywa maji, ukanipulizia. Nikalia, nikijua ndiyo adhabu. Ukacheka mpaka ukashika mlango. "Mghoi, maji haya si ya kukuosha wewe. Ni ya kuniosha mimi." Ukanieleza kwamba huko ndiko kutasa. Mwenye neno moyoni juu ya mtu wake hulitaja, akalitoa nje na maji, ili lisimfuate huyo mtu njiani. Ukasema kwa sauti, "Nimekasirika juu ya kibuyu changu. Litoke." Ukapuliza tena. Nikasafiri na blauzi iliyoloa.

Sasa unaona nilivyobanwa? Ningeweza kumwambia Mama ilikuwa baraka, yakaisha. Lakini hutasi hasira usiyokuwa nayo. Kumwambia kwamba ulitasa ni kumwambia kwamba ulimkasirikia. Na neno lenyewe hukuweza kulitaja. Ulimwachia maji matupu, yakakauka kwenye leso yake, na mimi mlangoni na beseni. Miezi mitatu nimekaa na jambo hili kama mtu aliyefungiwa chumbani na ufunguo uko mfukoni mwake, anaogopa kilicho nje kuliko joto la ndani. Shangazi nilimgusia kidogo tu. Akasema, "Hayo tuliacha tulipookoka," akaongeza redio.

Jana nilimwambia Mama. Alikuwa akichambua mchicha jikoni. Niliongea nikiutazama mchicha. Nilimwambia yote, kibuyu, kikohozi, ukuta, na kwamba sina hakika.

Akauliza lile nililoliogopa. "Kwa hivyo alinikasirikia. Kwa nini?"

Nikamwambia habari ya dirisha. Nikamwambia labda ulitaka kurudi milimani, na sisi tukakuweka hapa.

Mama alikaa chini kwenye mtungi wa gesi. Akasema, "Hata mimi nilimkasirikia. Kila siku, nikimgeuza, nikimfulia. Nilijua anataka kwao. Nilijifanya sijui, maana kule ningemhudumia na nani?" Halafu akainuka, akachota kikombe cha maji, akajaza kinywa. Akasimama pale, mashavu yamevimba, anatazama mlango, dirisha, mimi.

Akayameza.

"Sijui kwenu huwa wanaanza vipi," alisema, akarudi kwenye mchicha.

Begi bado liko mlangoni. Nimelitazama asubuhi yote. Begi lililofungwa lina maana gani? Barabara ya kwenda kwao na ya kwenda kwenu ni moja mpaka Mwatate, ndipo zinaachana. Tutaondoka pamoja. Pale ndipo nitajua, na sitamsukuma. Nimechoka kuwafungia watu mapazia nikidhani nawasaidia.

Ila mimi mwenyewe nakuja, Nyanya, awepo asiwepo. Nitabeba chupa ya maji. Na kwa kuwa wewe ndiwe uliyenifundisha, usishangae. Nina neno juu yako. Nimekukasirikia kwa kuniachia mimi kazi ya kusema, mimi kati ya watu wote. Naahidi nitalitaja kwa sauti, mbele ya Shangazi na mafundi na simenti yao, hata sauti ikikatika. Kisha nitapuliza.

Lala sasa. Ukisikia umeloa kesho, usilie kama nilivyolia mimi. Maji hayo hayatakuwa ya kukuosha wewe.

Mjukuu wako,
Mghoi