Joho la Hroald

Kwa dada yangu mpenzi Lassar,

Salamu zikufikie hapo ulipo, wewe na watawa wenzako wote, kabla hujasoma lolote lingine. Kifua kinaendeleaje? Yule mtawa aliyeleta jibu lako alisema unakohoa tangu sikukuu ya Mtakatifu Brigid. Chemsha maziwa, tia siagi, unywe ungali umejifunika, na usiwe mbishi kwa wanaokuuguza. Mimi mdogo wako ni mzima. Nakula, nalala, nasalisha Misa. Ukiniuliza najisikiaje nitashindwa kukujibu, maana kwa muda mrefu sasa sijisikii vyovyote. Nashika kazi moja, nikimaliza nashika nyingine.

Huku nyumbani mvua haijakatika. Yule ng'ombe wako mwekundu aliyevunjika pembe amezaa tena, ndama jike, na tabia ya kupiga teke karithi kwa mama yake. Shayiri ya mwaka jana iliota ukungu nusu nzima, lakini tunasukuma siku.

Jibu lako nililipata. Umesema kaka yetu ajifunike joho lake afe nalo, na kwamba hata akituma watu mara kumi huji. Kaka Ronan aliniuliza umesemaje. Nikamwambia umesema njia zimejaa matope. Akacheka mpaka akakosa pumzi. Akasema, “Matope! Lassar na kuogopa matope wapi na wapi? Si ndiye aliyekuwa akivua viatu na kutuacha nyuma?” Kisha akageukia ukutani. Miguu yake imevimba hadi magotini na usiku analala amekaa. Mganga anasema haoni Pasaka. Haombi kitu kingine, si dawa wala si padri mwenye cheo kunizidi mimi. Anataka kukuona wewe tu, dada, na ndiyo sababu ya barua hii.

Najua utauliza habari za Dungal kwanza. Mwanao yu mzima. Makovu ya macho yamekauka na hayatoi maji tena. Anasaga nafaka nyingi kwenye jiwe la mkono kuliko wanawake wote wa hapa, na kisimani anakwenda peke yake, anahesabu hatua. Jana niliingia taratibu nisimwamshe, kumbe yu macho. Akaniambia, “Mjomba, umenenepa. Sakafu inalalamika.” Kila asubuhi anakwenda kukaa na Ronan, wanabishana juu ya farasi waliokufa zamani. Kuhusu lile jambo aliniuliza mara moja tu, kama siku ile mfalme wetu Ronan alikuwa anasikia baridi. Nikamwambia ndiyo, sana. Akasema basi, akaendelea kusaga.

Sasa nataka nikueleze siku yenyewe, kwa sababu wewe umeisikia kwa midomo ya watu.

Ilikuwa vuli, mwaka juzi. Hroald, mfalme wa Wageni waliotoka ng'ambo ya bahari, kule ngomeni penye mdomo wa mto, alimwita Ronan wazungumze habari za ng'ombe waliokuwa wanaibwa mpakani. Mfalme mkuu Bressal alitoa ruhusa. Alikuwa na haki ya kutoa au kukataa, maana Dungal wako alikuwa rehani nyumbani kwake. Ronan hana mtoto wa kiume, kwa hiyo alimpeleka mpwa wake kuwa dhamana kwamba hatamgeuka. Bressal alisema Ronan ale, anywe, azungumze atakavyo, lakini asipokee zawadi kutoka mkono wa Hroald. Akamtuma msemaji wake Konla afuatane nasi, atazame. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mfalme akipokea zawadi ya mfalme mwenzake, na hasa vazi, amekuwa mtu wake.

Mimi nilikwenda kama mkalimani. Katika kuvuka mto ule mtumbwi wa ngozi ulichanika, na Ronan akazama mpaka kifuani. Tulimvuta, tukaingia ukumbini hivyo hivyo, maji yanamchuruzika. Hroald alimkaribisha vizuri. Alimpa upanga, Ronan akasema wa kwake ungeona wivu. Alimpa farasi, akasema farasi huyo amezoea kusikia Kigeni, atamwangusha kwa kutoelewa. Watu wakacheka. Hata Konla alicheka. Ndipo Hroald akatoa joho la kijani lenye ukingo wa manyoya, na baadaye joho hilo likawa mabegani pa kaka yetu. Konla akaweka kikombe chake mezani, akatoka nje kutafuta farasi wake.

Yaliyofuata unayajua. Ronan alimpelekea Bressal ng'ombe arobaini, wakarudishwa. Alijipeleka mwenyewe, akapiga magoti kwenye matope mbele ya lango. Bressal akamjibu kwa mdomo wa Konla kwamba mtu hawezi kuwa na nyumba mbili za kuingia. Siku ya tatu wakamtoa Dungal kwenye mkokoteni wa nyasi, amefungwa kitambaa usoni. Mimi ndiye niliyeongoza ng'ombe wa kukokota. Njia nzima alikuwa ananiuliza tumefika wapi, nami nikawa namtajia: kijito, mti wa mwaloni ulioanguka, nyumba ya mhunzi. Sikulia. Nilishangaa kidogo kwamba silii.

Ukaja wewe. Ulifanya kama sheria inavyomruhusu aliyedhulumiwa: ulikaa mlangoni pa Ronan bila kula, ili atoke akujibu au heshima yake iishe mbele ya watu wote. Siku tatu mvua ikikunyeshea. Naye ndani hakula, wala hakutoka. Uliniambia, “Fergil, nenda kamwulize huyo mjinga, je, lilikuwa joho zuri? Lilimpendeza?” Mimi nilikuletea maji, nikashika kikombe unywe kwa sababu mikono yako ilikuwa imekufa ganzi. Siku ya nne uliinuka ukaenda zako kwa watawa, na tangu siku hiyo watu humwita Ronan mfalme aliyeuza macho ya mpwa wake kwa nguo. Wanasema hata watoto wakicheza.

Dada, Ronan hakulipokea lile joho.

Alikataa kwa kichwa, mara mbili. Hroald akaliweka kwenye benchi katikati yetu, akaenda kukata nyama. Ronan alikuwa anatetemeka, meno yanagongana hata sikusikia anachosema, na mimi ndiye niliyetakiwa kukitafsiri. Nikalichukua nikamfunika. Nilifanya hivyo mimi, kwa mikono hii inayokuandikia. Wewe unakumbuka nilikaa miaka sita mtumwa kwa Wageni kabla baba hajanikomboa. Kwao mtu akilowa hutupiwa nguo yoyote iliyo karibu, na hakuna anayegeuza shingo kutazama. Sheria zetu nilikuwa nazijua, nimezinakili kwa kalamu yangu mara mbili. Lakini mikono haikuniuliza. Ilifanya mambo ya kule.

Ronan aliniangalia, akasema polepole, “Fergil, umefanya nini?” Hakulivua. Kulivua mbele ya mwenye nyumba kungekuwa kumtangazia vita, na merikebu zake kumi na nane zilikuwa zimefungwa pale pale nje. Akabaki amekaa nalo, akala nyama kidogo, akamshukuru mwenyeji wake.

Njiani kurudi aliniambia mfalme ndiye aliyevaa, mimi sikuwepo. Alisema nikitajwa Bressal atataka na kichwa changu, na kichwa changu hakitamrudishia Dungal kitu, na wewe dada tayari umepoteza vya kutosha. Nikakubali. Nikakubali upesi, Lassar, hilo ndilo ninalotaka ulijue. Sikubishana naye hata kwa adabu. Zile siku tatu ulizokaa mlangoni nilipita mbele yako asubuhi na jioni, nikakushikia kikombe, nikanyamaza. Nilikuwa nangoja haya inikabe niseme. Haikunikaba. Nilikuwa nawaza tu kwamba kikombe kina ufa.

Ronan hajui kwamba nakuandikia haya. Akijua atakasirika, na pumzi za kukasirika hana. Njoo, dada. Ukitaka safari hii kukaa na njaa, kaa mlangoni pangu, ni ule wa kanisa dogo karibu na kijito, unaufahamu. Mimi sitakungojesha hata jua lizame. Lakini pitia kwanza kwake.

Kuna jambo moja lazima nikuandae nalo kabla hujafika. Lile joho hatukuweza kulirudisha wala kulichoma, maana Hroald angesikia. Likawekwa sandukuni. Usiku tulipomleta Dungal alikuwa na homa, anatetemeka, na hapakuwa na kitu kingine kikavu ndani ya nyumba. Nikamfunika nalo. Hiyo ilikuwa mara ya pili, na safari ile nilijua ninachofanya. Alipopata nafuu akalishika, akapapasa manyoya ya ukingoni, akauliza nani amemfumia. Nikamwambia, “Ni mama yako.”

Mpaka leo analala nalo. Kila akijifunika husema mama ana mkono mzuri. Ukija atakushukuru, na atataka umwambie ni la rangi gani.

Nisalimie mama mkuu wa watawa na yule mlinda lango mzee mwenye mbwa kipofu. Huku wote wanakusalimu, hata wale wanaokuogopa. Ng'ombe wako nitamtunza. Mungu akulinde kwenye matope, maana kweli yapo.

Ni mimi mdogo wako,
Fergil