Mama Mkwe Anatapisha Choo Mvua Ikinyesha

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, maana wingu limeshatanda na mimi sijui pa kushika.

Mimi ni fundi cherehani, nimeolewa, tunaishi na mama mkwe kwenye nyumba yake ya wapangaji juu ya mteremko, na siku zote nilikuwa najiuliza mbona choo chetu hakijai wakati watu tumejaa na gari la kunyonya maji taka sijawahi kuliona likiingia, mpaka mchana mmoja mvua kubwa inanyesha nikamwona mama mkwe kajifunika nailoni, kainama nyuma ya choo, anachomoa kizibo cha bomba, uchafu wote ukafuata mtaro kuelekea bondeni kwenye kisima wanakochota maji majirani, akaniona, akacheka, "Mvua inasafisha yenyewe, mwanangu."

Haukupita muda, mtoto wa mke wa fundi viatu, jirani yetu wa bondeni, akaanza kuharisha na kutapika mpaka macho yakaingia ndani, wakamkimbiza hospitali akatundikiwa dripu, na mama mkwe bila haya akabeba uji tukaenda kumjulia hali, akamwambia mama wa mtoto, "Pole, watoto wa siku hizi wanakula ovyo," na mama wa watu akamshika mkono akasema, "Asante mama kwa kutukumbuka," mimi nimesimama pembeni, uso unaniwaka.

Nilipomweleza mume wangu akasema, "Yule ni mama yangu, unataka afungwe?" Nikamwendea mama mwenyewe, akanijia juu: "Kwani ni mimi peke yangu? Gereji wanamwaga oili chafu mtaroni, kiwanda cha ngozi kinafungulia maji ya dawa, wenye bustani wanapiga sumu ukingoni, taka za soko zinatupwa humohumo, wewe umeona choo changu tu?" Na kinachonichoma zaidi ni kwamba sisi nyumbani tunakunywa maji ya chupa! Sasa goti linamsumbua, ameniambia mvua ijayo kizibo nichomoe mimi. Nikikataa ndoa itayumba, nikikubali yule mama wa mtoto nitamtazama kwa jicho gani?

Fundi cherehani

Majibu:

Binti yangu, pole. Uliolewa uwe mke, hukuolewa uwe mchomoa vizibo. Lakini nami nikufokee kidogo: umeniandikia mimi nisiyekunywa maji ya kisima kile, na anayeyanywa hujamwambia neno. Mtoto akitoka hospitali atarudi kunywa nini?

Mkwe wako anajua fika anachofanya. Angekuwa hajui, asingenunua maji ya chupa. Eti gereji nao wanamwaga! Ni kweli, na hasira yangu inawatosha wote: wenye oili, wenye kiwanda, wenye sumu za bustani na wanaotupa taka. Kila mmoja anamtaja mwenzake, na wote wanaendelea kumwaga. Uchafu wa gereji haujawahi kusafisha uchafu wa choo.

Kizibo usikiguse. Mwambie kwa adabu, "Mama, kazi nyingine zote nitakufanyia, hii hapana," kisha unyamaze, usibishane. Mumeo mweleze leo kwamba unakwenda kusema, asije akasikia mtaani, na mwambie aite gari la kunyonya kabla mvua haijashuka. Nyumba inayoingiza kodi za wapangaji haishindwi kulilipia. Akirudia habari ya kufungwa, muulize mtoto wa watu akifa ndiyo mama yake atakuwa salama?

Halafu nenda kwa bwana afya. Mwonyeshe bomba lenu kwanza, ndipo umtajie gereji, kiwanda, bustani na soko, asibaki mtu wa kujificha nyuma ya mwenzake.

Ila kabla ya bwana afya kuna mke wa fundi viatu. Mwambie ukweli wote, hata akikutukana. Waache kile kisima, wachote kwingine, na maji ya kunywa wayachemshe mpaka yatokote. Mkwe atanuna. Mwache anune. Weka gazeti hili chini, ushuke bondeni sasa hivi kabla hawajachota maji ya jioni.