Kofi la Shahidi

Brevalle, Normandi
Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwaka 1093

Mwanangu mpendwa Turstin,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima? Mkeo je, na hao Waingereza wako, wamekuzoea? Sisi huku tunapumua, ila baba yako ameanguka kutoka kwenye farasi, na upande wa kulia umepooza. Maneno yanamtoka kwa shida. Anataka akukabidhi ngome mbele ya mashahidi kabla hajatutoka, maana wewe ndiye mkubwa. Njoo upesi. Njoo na watu wachache, bila askari, nyasi za farasi mwaka huu ni haba. Mdogo wako Serlo anakusalimu, ndiye anayemlisha baba. Haya nasema mimi, anaandika mtawa Fulbert.

Mama yako, Hawisa


Uingereza
Sikukuu ya Mtakatifu Martini

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, kama kweli ni wewe. Usinikasirikie. Barua nimesomewa, nikataka nisomewe tena. Toka nizaliwe hujaniita mpendwa. Uliniita punda, na nilipopata ngome yangu huku ukaniita punda mwenye ngome. Halafu muhuri: nta imegongwa kwa pete ya baba, lakini kichwa chini, na baba hakosei hivyo. Pete iko kidoleni mwa nani? Na hili la kuja bila askari, ni wazo la nani? Jirani yangu huku aliitwa na nduguze kwenye karamu, akarudi bila macho. Serlo ni mtulivu, ndiyo. Watu watulivu ndio siwaelewi.

Nijibu hili moja. Siku baba alipowapa watawa kinu cha maji, na mimi mtoto nikapigwa kofi pale madhabahuni ili nisisahau nilichoshuhudia, alinipiga nani, na kwa mkono gani? Ukijibu sawasawa, naja.

Mwanao, Turstin


Brevalle
Siku ya pili ya Krismasi

Turstin,

Leo sina salamu, ila nakuombea afya. Nilimwambia Fulbert aandike "punda wangu". Akakataa, eti mtawa haandiki matusi. Hilo neno "mpendwa" ni lake yeye. Pete tulimvua baba yako kidole kilipovimba, sasa anaivaa Serlo, na mikono yake haijazoea nta. Askari nimewakataza mimi, kwa sababu safari iliyopita walimaliza nyama yetu ya majira yote ya baridi na kunipasulia mapipa ya mvinyo.

Na hilo kofi, hukupigwa. Ulipomwona baba yako anavua glavu ulijificha ndani ya joho langu. Aliyepigwa ni Serlo, mdogo vile, kwa mkono wa kushoto, naye akakaza meno. Wewe umelisimulia kofi lile kwenye kila karamu mpaka likawa lako, na mwenzio amekuachia. Baba yako anauliza kila asubuhi kama umefika. Njoo, punda wangu.

Mama yako


Uingereza
Sikukuu ya Mishumaa

Kwa yeyote anayesomewa hii,

Nampa pole mama, popote alipofungiwa. Jibu nimelipata, na sasa najua. Siku ile sikio langu lilivuma mpaka jioni, hata leo nalisikia. Nani mwingine angeninyang'anya kofi langu na kujivika ushujaa, kama si Serlo? Leo kofi, kesho ngome. Serlo, ulidhani utanipata kirahisi. Nimempelekea barua bwana wetu mkubwa, kwamba umewafungia wazazi ndani na umeshika muhuri usio wako. Watu wake watakuja hapo kabla ya Pasaka.

Mama, kama uko hai, vumilia kidogo.

Mwanao, Turstin


Brevalle
Baada ya Pasaka

Mwanangu,

U hali gani? Mimi mwili ni mzima.

Baba yako tumemzika wakati wa Kwaresima. Alipoona hufiki alitaka apelekwe kanisani, na Serlo akambeba mgongoni. Baba akaweka kisu chake juu ya madhabahu, ndiyo alama ya kukabidhi, akasema, neno moja moja, kwamba Brevalle ni ya Turstin. Kisha akataka mtoto wa kupigwa kofi. Watoto wote walikuwa wamelala na homa. Serlo akapiga magoti, mtu mzima na ndevu zake, akasema, "Nipige mimi, baba, nimeshazoea." Akampiga kwa ule wa kushoto, ndio pekee aliobaki nao. Halikuwa na nguvu, utadhani anampapasa. Mzee akacheka, na sisi tukacheka naye. Hakuiona asubuhi.

Watu wa bwana mkubwa walitukuta bado tuko kwenye matanga. Wakaiona pete kidoleni mwa Serlo. Mimi nilisema, Fulbert akasema, hawakutusikiliza, walikuwa na barua yako. Serlo hakupigana. Walipompandisha farasi aliniambia, "Mwambie kaka ngome ni yake. Shahidi ni mimi."

Juzi wamemrudisha. Wamemtoa macho.

Fulbert ananiuliza safari hii tuweke alama gani ili uamini kuwa ni mimi. Nimemwambia asiweke kitu. Serlo anakaa karibu na moto, na kila asubuhi anauliza kama umefika.

Mama yako