Mgonjwa Yupi

Baba,

Assalamu alaikum. Wanaume hukutolea salamu hii makaburini. Mimi naitoa hapa mezani jikoni, Ijumaa baada ya Alasiri, Mama akiwa amejinyoosha chumbani na chai yake imepoa.

Nianze na habari unayoitaka kwanza, maana nakujua. Timu imebaki daraja la pili. Haikupanda, haikushuka. Walimfukuza kocha, wakaleta mwengine, wakamfukuza na huyo, sasa wamemrudisha yule wa mwanzo na kumpokea kwa mashada ya maua kama mtu aliyetoka Hija. Vijana wapya wameitwa kwenye majaribio, na kamati imegawanyika juu ya nani avae namba kumi. Ungekuwapo ungekuwa umeshakasirika mara mbili kabla kahawa haijazunguka.

Habari ya pili ndiyo iliyonikalisha hapa. Nimeianza mara nyingi nikaichana. Inahusu ile siku ya hospitali, na kwa nini mwanao Nassor hakuja. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho, Baba, kwa sababu sivyo ulivyodhani.

Unakumbuka lile neno la mgonjwa lilivyoanza. Mama anasema ulianza wewe, Ami Khalfan, mwenzako wa karata, anadai ni lake. Ninachojua ni kwamba ule msimu wa kwanza timu iliposhuka daraja, hapa majlisini, sebuleni kwako kwa wageni, hakuna tena aliyeitaja kwa jina. Mtu anavua viatu mlangoni, hajakaa, anauliza, "Mgonjwa vipi?" Na wewe, umeegemea takia lako chini ya AC, unajibu, "Jana kapata nafuu, kala moja tu." Akifungwa vibaya: "Kazidiwa. Wallahi huyu hafiki mwisho wa mwezi."

Ndipo ikatokea ile ya uji. Jirani yetu Bi Shuwena alikuwa anaanika nguo, akakusikia dirishani unalalamika kwamba mgonjwa wetu kazidiwa na madaktari wote wameshindwa. Baada ya Magharibi akagonga mlango na sufuria la uji wa pilipili manga, macho mekundu, anauliza mgonjwa kalazwa chumba gani. Ami Khalfan ndiye aliyemjibu: "Bibi wee, mgonjwa huyu hali uji. Hula magoli. Jana kala manne." Ulicheka hadi ukashika ubavu. Uji mkaunywa nyinyi, na sufuria nililirudisha mimi, maana nyote mliona haya.

Ningejua neno lile lingetufanyia nini, ningemwambia Bi Shuwena aje kila Ijumaa na sufuria lake atukemee.

Nassor alikuwa na miaka ishirini na nne ulipofika ule ubishi mkubwa wa nani avae namba kumi. Hata mimi niliyekuwa nasikiliza kutoka ukumbini nilijua kuwa namba kumi ndiye ambaye mpira wote hupitia miguuni mwake, na akiwa mbovu yeye, wengine kumi wanakimbia bure. Wewe ulikuwa mtu mzima wa kamati. Wenzako walikuja mapema Ijumaa ile kukushika kabla hujaenda kupiga kura. Nusu walimtaka Nassor. Nusu walimtaka yule mgeni aliyeletwa kwa majaribio, aliyefunga mawili siku ya kwanza.

Nakusikia mpaka leo. "Mgeni ana miguu."

"Hata ngamia ana miguu," akasema Ami Khalfan. "Mcheza kwao hutunzwa, yakhe. Wa kwako humtunzi, unakwenda kumtunza wa watu?"

"Nikimchagua Nassor watasema nimepika na nimepakua mwenyewe."

"Na waseme! Muhimu watu washibe!"

Walicheka wote, isipokuwa mtu mmoja, na huyo alikuwa amekaa karibu na mlango, birika la kahawa mkononi, anawamiminia. Ukasema, bila ya kumtazama, "Nassor anangojea. Yeye wa nyumbani, haendi popote."

Nassor alimaliza kuwamiminia. Kisha akachukua kikombe chake, hakikuwa na kitu, akakitikisa mara mbili kwa vidole kama afanyavyo mtu aliyetosheka, akakiweka kwenye sinia. Hakuna aliyekuwa amemkaribisha kahawa. Daftari langu la siku ile lina mstari mmoja: "Wazee wamebishana, biriani haikutosha." Kikombe sikukiandika. Nilikiona, lakini sikujua kama ni jambo la kuandikwa.

Mgeni ukampigia kura. Na mgeni alikuwa kijana mzuri, mwenye adabu, masikini, lakini joto lilimwonea. Ami Khalfan alisema anacheza kama mtu anayetafuta pete aliyoiangusha, kichwa chini, anazunguka pale pale. Hata kabla pete haijapatikana, Nassor alikuwa ameshapata kazi bandarini Suhar na kuhama na mabegi yake. Viatu vya mpira aliviacha chini ya kitanda. Mama anavipangusa vumbi hadi leo.

Basi zikaanza zile simu za Alhamisi. Mechi ikimalizika unaniita: "Zuhura, mpigie nduguyo. Mwambie mgonjwa kazidiwa." Nampigia. Nassor anajibu, "Mwambie ampe kocha mpya." Nakuletea jibu, unacheka, unajifuta macho, kisha unaiacha televisheni izungumze peke yake. Hapakuwa na zaidi ya hapo. Hamkuwahi kuulizana afya wala kazi. Mgonjwa kazidiwa. Mpe kocha mpya. Alhamisi kwa Alhamisi, na mimi katikati kama waya.

Sikudanganyika, Baba. Nilijua ukisema mgonjwa kazidiwa ulikuwa unamwambia rudi. Na nadhani yeye akisema mpe kocha mpya alikuwa anasema niombe vizuri. Siku moja uliponichukua kazini Al Khuwair, tumekwama kwenye foleni, ulisema bila ya kuulizwa, "Namba kumi tulikuwa nayo nyumbani, tukaenda kuitafuta nje." Nikakwambia, mwambie yeye maneno hayo, si mimi. Ukasema, "Atakuja Idi. Ntamwambia kwa mdomo wangu."

Idi ilikuja. Nassor alipangiwa zamu bandarini siku ya Idi, hakuja.

Sasa ile siku. Wewe ulikuwa umelala na mirija, hukuona yaliyokuwa nje ya mlango, kwa hiyo nakuhadithia. Ulianguka bafuni asubuhi. Mimi na Mama tulipanda nawe gari la wagonjwa, Ami Khalfan akatufuata nyuma. Daktari alipotuambia waiteni watoto wake wote, Mama alikuwa amekushika mkono na mimi nimemshika Mama. Ami Khalfan akasema, "Kaeni, mimi nampigia Nassor." Akatoka.

Alimpigia, Baba. Na mtu akifadhaika husema maneno yaliyozoea kinywa chake. Akasema, "Nassor, mgonjwa kazidiwa."

Ilikuwa Alhamisi.

Nassor alikuwa anavaa kofia ya chuma aingie kazini. Akamjibu alivyozoea kujibu, hata hakuwaza kwamba mechi yenyewe bado, "Mpe kocha mpya, Ami," akacheka, akazima simu, akaiweka kabatini, maana kule ndani ya mitambo hawaruhusiwi kuingia nayo.

Ami Khalfan alibaki amesimama kwenye korido na simu sikioni. Ameniambia baadaye kwamba alidhani kijana kakataa. Alidhani ile hasira ya kuachwa imeota mizizi mpaka anaweza kumcheka baba yake kitandani. Akapiga tena, simu imezimwa. Akaingia chumbani. Ukafungua macho ukamuuliza, "Nassor?"

"Yuko njiani," akasema.

Na akashika sikio.

Unajua na mimi najua. Miaka yote ile ya karata, Ami Khalfan akitaka kudanganya lazima ashike sikio, na wewe ulimfunga kila mchezo kwa sikio lile. Nilikuona unamtazama mkono. Ukafumba macho, ukageuza uso upande wa ukuta. Hukuuliza tena. Baada ya Alasiri ukatutoka.

Hilo ndilo linalonikalisha kitako. Sijui uliondoka na nini moyoni. Naogopa uliondoka ukijua kwamba mwanao hayuko njiani, na ukidhani ni kwa kutaka kwake.

Mimi ndiye niliyempata jioni, alipotoka zamu. Nilisema neno moja tu, "Baba," na yaliyobaki akayajua mwenyewe. Aliendesha kutoka Suhar bila ya kusimama. Alipofika nyumbani Ansab, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wanakung'uta vumbi kwenye kanzu. Aliwakuta wanateremka magarini, na wewe umeshabaki kule.

Siku mbili za matanga Ami Khalfan hakumpa mkono. Watu waliona. Nassor mwenyewe aliona, akadhani anaadhibiwa kwa kukosa mazishi, akainamisha kichwa. Siku ya tatu, watu wamemaliza kusoma, majlisi imejaa, Nassor alimpelekea Ami Khalfan kahawa kwa mikono miwili. Ami Khalfan akakisukuma kikombe. Sisi wanawake tulikuwa ukumbini, pazia lilikuwa wazi.

"Kwako sinywi," akasema. "Babako anakata roho, nakupigia nakwambia mgonjwa kazidiwa, unaniambia mpe kocha mpya. Unacheka! Wallahi nimekusikia unacheka!"

Nassor alisimama na kikombe kile. Kahawa ilimmwagikia vidoleni, hakutikisika.

"Mgonjwa yupi, Ami?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtoto anayeuliza njia.

"Mgonjwa yupi?"

Wazee wote waliokuwa wakivua viatu mlangoni na kuuliza mgonjwa vipi, miaka kwa miaka, walikuwa wamekaa pale, na neno likawazunguka mmoja mmoja kama sinia. Ami Khalfan akamvuta Nassor chini kwa kanzu yake, akaweka kichwa chake kifuani kwa mwanao, akalia kwa sauti. Mtu mzima yule. Mama aliinuka akafunga pazia.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa, Baba. Hakukataa kuja. Hakukucheka. Alidhani ni timu.

Baada ya hapo watu waliacha kuja Ijumaa. Hapakuwa na ugomvi, ila kila mmoja akikaa hajui aanze na neno gani. Ami Khalfan alipotea miezi mingi, mpaka Nassor alipomfuata kwake. Sijui waliambiana nini. Najua walitazama mechi pamoja kwenye televisheni mpaka mwisho, na Nassor alirudi akaniambia, "Amezeeka, Zuhura. Hakubishana hata mara moja."

Maneno yako ya kwenye foleni nilimpa. Nilimsubiri amalize kula nikamwambia kama ulivyosema, neno kwa neno, kwamba namba kumi ilikuwa nyumbani. Alitazama sahani. Akauliza, "Alisema lini?" Nikamwambia. Akahesabu kimoyomoyo, nikaona midomo inacheza, akasema, "Ningeweza kurudi msimu ule." Goti lake halimruhusu tena, kwa hiyo hilo nalo limepita.

Kisha akaniuliza kama ulijua. Kama uliondoka ukijua anakuja au hukujua. Nikamjibu kuwa uliambiwa yuko njiani, na hilo ni kweli, uliambiwa. Lile la sikio sikumwambia, na sitamwambia. Nimekutajia wewe tu, na wewe ulikuwapo.

Siku hizi wameanza kurudi, wawili, watatu. Ijumaa iliyopita walibishana juu ya kijana mpya wa namba kumi mpaka nikasikia takia linapigwa ngumi. Nassor alikuwamo. Walimtaka atoe neno, akasema, "Mchukueni wa nyumbani, na mwambieni mbele ya watu kwamba mnamtaka." Alipoingia mzee mmoja akauliza kwa mazoea, "Mgonj..." akajiuma ulimi, akasema, "Timu. Timu vipi?" Takia lako halikaliwi. Hakuna aliyekataza.

Na mwezi uliopita Mama alishikwa na homa kali. Nilikaa kitandani pake, nikampigia Nassor Suhar. Unajua neno gani lilinijia mdomoni kwanza. Nikalimeza. Nikasema, "Nassor, Mama anaumwa. Mama yetu, Saada, mamako aliyekuzaa. Ana homa, yuko kitandani, nataka uje." Akasema, "Nimesikia, Zuhura. Mama." Aliingia na viatu vya kazini mpaka chumbani, na kofia ya chuma kaisahau kichwani, na Mama, pamoja na homa yake yote, akacheka.

Hiyo ndiyo ahadi ninayokupa, sina kubwa kuliko hiyo. Nyumbani kwako timu itaitwa timu, hata ikila magoli kumi. Na mtu akiumwa ataitwa kwa jina lake, na atakayeitwa kuja atajua anakwenda kwa nani.

Lala, Baba. Mola akupe wasaa huko ulipo. Na kama uligeukia ukuta kwa ajili ya Nassor, geuka. Alikuwa anakuja.

Mwanao,
Zuhura