Ulibeba Mishumaa, Ukaacha Ndoo

Shemeji yangu Saidi,

Salamu nitakupa mwishoni, hasira ikiniachia nafasi. Barua hii sikuifunga, makusudi. Huyo mwenye duka wa Mutsamudu anayekupokelea barua aisome, na wateja wake wasikie.

Wakumbuka Unguja, tulipokuwa tukikanda unga kwenye bekari? Tanuri lilitema cheche, ukawa wa kwanza kurusha mchanga, ukanigombeza. "Kaka, moto hauna adabu." Mimi, niliyezijua bandari kuanzia Majunga hadi Marseille, nikafundishwa moto na kijana wa Mutsamudu. Nilicheka, lakini kwa neno lile moja nilikupa dada yangu.

Sasa neno lile uliliweka wapi?

Tuliporudi visiwani kwetu ulipata upishi kwa yule afisa Mzungu wa mamluki, na siku ya Krismasi yao ukanipitisha mlango wa jikoni nikaone. Mvinje umesimama sebuleni, umevishwa mishumaa kama bibi harusi. Ukanipiga kiwiko: "Kaka, Marseille yako ina hii?" Inayo, bwana, nimeiona hadi nimeichoka. Ila mimi niliangalia chini ya mti. Palikuwa na ndoo ya mchanga, blanketi lililoloweshwa, na askari kwenye kiti, kazi yake kuitazama mishumaa hadi izimwe. Mtu ana bunduki na anaogopa mshumaa. Nilikuonyesha kwa kidole. Ukasema, "Wazungu waoga tu."

Sikukuu ilipopita wakautupa mti, umeshakauka, ukiugusa unalia kama karatasi. Wewe ukaubeba kichwani hadi mtaani kwetu Magoudjou, masalio ya mishumaa mfukoni, ukausimamisha kwenye kibanda cha makuti, kilichoegemea kuta za mawe, ambamo dada yangu anangoja nyumba yake ipate paa. Ukawasha ili watoto wacheke. Hilo nakusamehe, nani hapendi watoto wacheke? Lakini ukaiacha mishumaa inawaka, ukaenda zako msikitini kualika watu. "Tukimaliza magharibi njooni kwangu, mwone Ulaya."

Wakaja. Wakaiona.

Na kwako wapi, Saidi? Kwetu nyumba ni ya mwanamke, hadi msumari. Umechoma cha mwenyewe. Kitanda cha harusi kimekwisha, makuti yamekwisha, kuta za mawe ni nyeusi kama sufuria. Mkono wa kushoto wa mkeo, aliomvutia mwanao, ungali umefungwa kitambaa. Mtoto ni mzima, alhamdulillahi. Na wewe ukapanda boti kwenda kwa mama yako Mutsamudu. Hilo limeniunguza kuliko moto wenyewe. Kwenye teksi ya Ikoni abiria wanaulizana, "Yule mpishi kakimbilia wapi, kasikia kuna mti mwingine?" Nami nacheka nao, kisha nashuka nikitafuta mtu wa kugombana naye.

Jana nilimwuliza dada, "Nimwandikie akupe talaka?" Akanitazama kama anatazama samaki aliyeoza. "Kaka, kelele zako zinaezeka? Mwambie aje apandishe paa."

Basi njoo. Mabati nimeyapata bandarini, usiulize vipi, mimi kila meli nina rafiki. Matusi yako nimeyatunza, utayapata yote ukishuka, kwenye karatasi yanapoa. Nikimaliza utapanda ukutani, nami nitakupokeza bati moja moja, na kila bati nitakutukana tena. Mishumaa usiwashe hata umeme ukikatika, labda uwe umekaa mbele yake kama yule askari.

Mkeo ameshaweka ndoo ya mchanga mlangoni, mahali ulipokuwa ukivua viatu. Watoto wamekatazwa kuigusa. Mwanao anaiita ndoo ya baba, na kila asubuhi anachungulia kama umekuja kuichukua.

Haya, salamu hiyo.

Mimi kaka wa mkeo, ninayekungoja gatini na mdomo wangu wote