Yule Shiro wa Kwenye Simu

Othaya,
Agosti 11, 2024.

Mpendwa binti yangu Wangui,

Natumaini u mzima huko Kanada, na kwamba kazi na masomo hayajakumaliza nguvu. Sisi tunamshukuru Mungu. Baridi ya mwaka huu imetukaba, na goti langu ni lile lile. Barua hii nampa binamu yako Mutahi anayekuja huko, maana kwa simu huwa unaniambia uko mbioni.

Mwanao Shiro alikuwa mgonjwa. Mwezi wa saba kifua kilimbana hata akawa anapumua kwa mabega. Nilimfunga shuka nikampeleka hospitali kwa bodaboda, akalazwa. Nilikupigia, hukushika. Sasa amepona, anakula, na yale meno ya mbele yameota.

Jumapili moja tukiwa wodini, wewe uliweka picha yako na Shiro Facebook. Niliijua tuliporudi, mpangaji wetu mwalimu Apondi, aliyechanganywa na picha hiyo, alipokuja kumjulia hali mtoto. Alinisomea ulichoandika: "Jumapili na kamama kangu. Tumeamka, tumekunywa chai, sasa kanisani." Shiro yuko na gauni la waridi, na pengo.

Picha hiyo naijua. Ulipokuja Desemba ulitupeleka hoteli moja ya Nyeri yenye bustani, na begi la nguo mpya. Ulimbadilisha nguo mchana kutwa nyuma ya ua, mara za Pasaka, mara za siku ya kuzaliwa, vibandiko vya bei vya dukani vimefichwa kwenye kola vikimwasha shingo. Jioni nguo zilirudi begini, naye akarudi nyumbani na sweta yake ya shule. Nilidhani picha ni za kumbukumbu. Kumbe uliziweka ghalani, uwe ukitoa moja moja mwaka mzima.

Kwenda huko mimi ndiye niliyekuhimiza, na sijuti. Lakini walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Siku hizi naona kuna ya tatu, kupiga picha, na hiyo ndiyo umechagua. Unamwita mama kwa sababu amebeba jina langu la Wanjiru, tunalolifupisha Shiro. Kwa mila zetu yeye ni mimi. Basi ukimfanya pambo, nami umenifanya pambo, na nina hasira.

Mwalimu akisoma, Shiro aliichungulia simu. Nilimwambia ni yeye. Akakataa, akasema Jumapili hiyo alikuwa hospitali. Kisha akaniuliza mimi nyanya yake:

"Cucu, huyo Shiro mwenye anaishi na mum, yeye hakuwangi mgonjwa?"

Niliinuka nikaenda kuchochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri.

Futa hizo picha. Halafu piga simu uongee naye, si na mimi. Sauti yako bado anaikumbuka, sijui ni kwa muda gani.

Mjomba wako Dedan na shangazi Murugi wanakusalimu. Mungu akulinde ugenini, na akupe macho ya kutuona. Shiro nilimwuliza nikusalimie vipi. Alifikiri kidogo, akasema nimsalimie yule Shiro mwingine.

Nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Mama yako,
Wanjiru